Watu wa Chuo Kimoja: Mafia na Habari za Waliotangulia

Katika Kiswahili cha kale cha pwani, neno chuo lilibeba maana mbili kwa pamoja. Chuo kilikuwa kitabu, na chuo kilikuwa mahali pa kusomea. Mtoto alikwenda chuoni na chuo chake kifuani, na waliokaa juu ya mkeka mmoja mbele ya mwalimu mmoja walikuwa watu wa chuo kimoja. Lugha haikuona haja ya kutenganisha mambo hayo mawili, na yumkini ilikuwa na hekima yake. Wanaosoma pamoja huwa mithili ya kurasa za kitabu kimoja: kila ukurasa una lake, lakini ukiuchana ukausoma peke yake, sentensi huanzia katikati na kukomea katikati.

Maana hiyo ya kale ndiyo itakayotuongoza katika kuitazama Mafia, kisiwa ambacho kwa miaka mingi mtoto wake hakuweza kuendelea na masomo bila ya kuvuka bahari. Waliovuka pamoja wakasoma pamoja, wakatawanyika pamoja, na sasa wanaondoka mmoja mmoja. Kila habari ya msiba inapowafikia, wanakumbushana shule, chombo walichosafiria, walimu na kijiji. Mazungumzo hayo ni historia. Ila ni historia isiyoandikwa, na Mafia inajua vizuri kuliko mahali pengi nini hutokea kwa historia ya namna hiyo.

Kisiwa kilichozoea kupoteza

Mafia si kisiwa kimoja bali ni kundi la visiwa mbele ya mdomo wa mto Rufiji: kisiwa kikuu chenye Kilindoni, Kirongwe, Baleni, Utende, Kanga na Bweni, na kandoni mwake Chole, Juani, Jibondo na vinginevyo. Jina lake halina uhusiano wowote na lile genge la Sicily, ingawa mwanafunzi wa Mafia aliyekwenda kusoma bara hakukosa kuulizwa swali hilo. Tarehe ya Kilwa inaitaja Mafia pamoja na masultani wa mwanzo wa mji ule, na magofu yaliyobaki yanaonyesha kuwa watu wameishi hapo, wamejenga na kuswali hapo, kwa karne nyingi.

Miji yake mikubwa ya kale ilikuwa miwili, Kisimani upande wa magharibi na Kua katika kisiwa cha Juani. Mapokeo yanayosimuliwa juu ya miji hiyo ni mazito. Watu wa Kisimani, yasema mapokeo, waliunda chombo kikubwa wakawaalika watu wa Kua kuja kushuhudia kikishushwa majini. Katikati ya sherehe wakawakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani, na chombo kikapitishwa juu yao. Watu wa Kua wakanyamaza kwa miaka kadhaa, kisha wakawaalika watu wa Kisimani harusini. Wageni wakaingizwa katika chumba cha chini ya nyumba. Wenyeji wakatoka mmoja baada ya mwingine, na mlango ukazibwa kwa mawe. Kwa hiyo kisa cha kale kinachojulikana zaidi katika Mafia ni kisa cha watoto wa rika moja waliopotea siku moja. Msimulizi hulitaja jina la mji wao, lakini majina yao wenyewe hayakuhifadhiwa.

Kua iliangamizwa mwanzoni mwa karne ya 19 na wavamizi Wasakalava waliotoka Madagascar. Kisimani iliendelea kuliwa na bahari, hata mwanaakiolojia Neville Chittick alipokwenda kuchimba alikuta sehemu kubwa imekwisha kuchukuliwa na maji. Makao ya utawala yakawa Chole. Wajerumani walipomlipa Sultani wa Unguja marki milioni 4 kwa ajili ya mwambao mwaka 1890, Mafia ikiwamo, nao walitawala kutoka Chole, mpaka mwaka 1913 walipohamia Kilindoni kwa kufuata maji yenye kina. Miaka miwili baadaye, Januari 1915, Waingereza wakaiteka Mafia, na kutoka hapo wakaisaka manuwari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, wakaiangamiza tarehe 11 Julai 1915. Wageni wakaandika mengi juu ya manuwari hiyo. Juu ya watu waliozisikia ndege za kwanza zikiruka juu ya minazi yao, hawakuandika sana.

Maneno ya wenyeji nayo yana safari yake. Mwaka 1941 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha historia na mapokeo ya Mafia yaliyokusanywa na Kadhi Amur Omar Saadi. Msomaji aliyapata kwa Kiingereza, katika tafsiri ya D.W.I. Piggott. Kuanzia mwaka 1965 mwanaanthropolojia Pat Caplan alikwenda Mafia, akafanya utafiti wake upande wa kaskazini, akarudi mara nyingi katika miaka iliyofuata. Mwanakijiji mmoja alimwandikia kumbukumbu za kila siku kwa Kiswahili, na kumbukumbu hizo ni sehemu kubwa ya kitabu African Voices, African Lives cha mwaka 1997. Humo mwandishi yule wa kijijini anaitwa Mohammed, jina la kumstiri. Hizo zilikuwa kazi za heshima, na pasingekuwa na kadhi yule na mkulima yule tungekuwa maskini zaidi. Lakini tazama njia waliyopita: maneno yalitoka Mafia kwa Kiswahili, yakachapishwa kwa Kiingereza, na mjukuu anayetaka kusoma alichokisema babu yake hulazimika kukifasiri upya kutoka lugha ya ng'ambo.

Kusoma ni kuvuka

Chuo cha kwanza cha mtoto wa Mafia kilikuwa cha Kurani, na kwa vizazi vingi kilitosha. Hapo alijifunza hati, adabu na subira; hapo pia alipata wenzi wa kwanza nje ya ukoo wake. Shule ya serikali ilikuja baadaye na mahitaji mengine. Wajerumani, waliofungua shule yao ya kwanza ya serikali Tanga katika miaka ya 1890, walitaka makarani na maakida wanaoandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Waingereza wakaendeleza shule za msingi chache na za sekondari chache zaidi, nazo zilikuwa mbali: Tabora, Minaki, Pugu, Dar es Salaam. Mtoto wa kisiwani aliyefika huko alikuwa kama nazi moja iliyochukuliwa na mkondo. Inaweza kuota ufuoni mwingine, lakini minazi wenzake hawaioni tena.

Uhuru wa mwaka 1961 ulipanua mlango. Kibaha, iliyoanzishwa kwa ushirikiano na nchi za Nordiki, ilipata shule yake ya sekondari mwaka 1965. Azimio la Arusha likafuata mwaka 1967, na Elimu ya Msingi kwa Wote ikaanza kutekelezwa mwaka 1977, ikaingiza watoto madarasani kwa idadi isiyopata kuonekana. Lakini mlango wa sekondari ulibaki mwembamba kama tundu la sindano. Katika miaka ya 1980, kati ya kila watoto mia moja waliomaliza darasa la saba nchini, hawakufika kumi waliopata nafasi katika sekondari za serikali. Na kwa mtoto wa Mafia nafasi hiyo, ikipatikana, ilikuwa ng'ambo: Kibiti, Kibaha, Pugu, Minaki, Azania, Lindi au Mtwara, kwa wasichana, ambao walikuwa wachache zaidi, Jangwani, Zanaki, Korogwe au Kilakala. Kusoma na kuvuka yakawa maneno mawili yenye maana moja.

Kalenda ya shule haikutungwa na mabaharia. Muhula ulifunguliwa Januari, wakati upepo wa kaskazi umeshika kazi, na jahazi lililotoka Kilindoni kuelekea Dar es Salaam lililazimika kubisha, likienda upande huu na upande huu kama mtu anayepanda mlima. Likizo ya Juni ilikuja katikati ya kusi, na anayerudi nyumbani kutoka Kisiju aliupokea upepo usoni. Mara mbili tu kwa mwaka upepo ulikuwa upande wa mwanafunzi: Desemba, alipoteremka kusini na kaskazi mgongoni, na Julai, alipopanda kurudi shuleni na kusi ikimsukuma. Ndiyo kusema kwamba kwenda kuanza mwaka kulikuwa kugumu na kwenda kuumalizia kulikuwa kwepesi, na bahari ilikuwa na zamu zake za kumzuia mtoto na zamu zake za kumfukuza.

Kabla ya kuwapo gati Kilindoni, abiria walishuka majini wakiwa wamebeba masanduku yao kichwani. Humo sandukuni mlikuwa na shuka, daftari, nazi, na ng'onda waliofungwa vizuri ili harufu isiwafikie wenzao wa bara, jambo ambalo halikuwezekana. Bwenini walikutana na ugali wa kila siku, na baridi ya alfajiri kwa waliopelekwa mikoa ya juu, na Kiswahili kisichojua tanga wala demani. Hapo ndipo mtu wa Kanga na mtu wa Jibondo, ambao kisiwani wangeonana wageni, walipogundua kuwa ni ndugu. Udugu huo hawakuzaliwa nao. Umbali ndio uliowatia.

Shule ya Sekondari ya Kitomondo ilipokuja kisiwani, na baadaye shule za kata zilizojengwa chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, safari ilianza kufupika. Mwaka 2016 ada ikaondolewa mpaka kidato cha nne. Leo mtoto anaweza kusoma sekondari huku akilala kwa mama yake, na hilo ni jema lisilo na shaka. Ila maana yake ni kwamba kizazi cha waliovuka ni kizazi chenye mwisho. Walianza wachache, waliendelea kuwa wachache, na hawaongezeki tena.

Habari ziwafikie

Waliovuka hawakurudi wote. Wengine walipata kazi Dar es Salaam, Tanga, Dodoma. Wengine walifundisha katika shule za mikoa ambayo bahari inasikika katika nyimbo tu. Wengine walikwenda Unguja, na wengine Maskati. Walipotawanyika hivyo, kitu kimoja kiliendelea kuwakusanya kila jioni bila ya wao kuonana: redio.

Anayekumbuka Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, anakumbuka matangazo ya vifo. Sauti ilibadilika kidogo, nyumba ikanyamaza, aliyekuwa akipepeta akaushusha ungo. Tangazo lilikuwa na mpangilio wake usiobadilika. Kwanza alitajwa anayetangaza na mahali alipo. Kisha marehemu, kwa majina matatu. Kisha siku na mahali pa kifo, na mahali pa maziko. Mwisho ukaja mlolongo wa majina ya waliotakiwa wasikie, kila mmoja na mji wake, kaka wa Lindi, mjomba wa Kilindoni, shangazi wa Tanga, ukifungwa kwa maneno yaliyojulikana na kila mtoto: habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.

Mlolongo ule wa majina ulikuwa ramani. Mtu angeweza kukaa kisiwani Chole, pasipo atlasi wala kitabu cha jiografia, akajua watu wa Mafia wamefika wapi kwa kusikiliza tu wanaoambiwa habari za misiba yao. Lakini katika ramani hiyo waliosoma pamoja hawakuwa na mahali maalumu. Ndugu na jamaa walitajwa kwa majina. Wenzi wa shule walikuwamo ndani ya neno la mwisho, marafiki, na anwani yao ilikuwa popote walipo.

Hata waliposikia, si mara zote walitambua. Redio ilisoma jina la marehemu, la baba yake na la babu yake, ilhali bwenini alijulikana kwa jina la utani alilopewa wiki ya kwanza, ambalo pengine mama yake hakupata kulisikia. Kwa wanawake pazia lilikuwa zito zaidi. Msichana aliyesoma kwa jina lake, akaolewa, akazaa, aligeuka mama fulani, na kwa jina hilo la mtoto wake alitangazwa. Mwenzake aliyelala naye kitanda cha jirani kwa miaka minne aliweza kulisikia tangazo hilo, akasema innalillahi kwa ajili ya mtu asiyemjua, akaendelea na mapishi yake, asijue kuwa ameambiwa habari ya sahibu yake.

Siku hizi redio haina kazi hiyo kama zamani. Simu ya mkononi imeichukua, na habari ya msiba wa Kirongwe hufika Dubai kabla ya sanda kukatwa. Kivuko cha MV Kilindoni kinavusha watu kati ya Nyamisati na Kilindoni, na ndege kutoka Dar es Salaam huchukua muda usiotosha kumaliza kikombe cha chai kwa utulivu. Tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoifikia Mafia, waliokuwa mbali hawakungoja saa ya matangazo. Upesi huo ni neema. Hata hivyo kuna jambo limepungua. Tangazo la redio, kwa kuwa lililipiwa na lilisomwa kwa nchi nzima, lilitungwa kwa makini: nani, wa wapi, lini, aliacha nani. Ujumbe wa leo aghalabu ni jina moja na neno ametutoka. Chini yake hufuata dua ishirini zinazofanana. Dua ni haki ya maiti na hakuna anayezikataa. Lakini zikiisha, aliyesoma ujumbe ule hajaambiwa marehemu alikuwa nani.

Wanachokijua wao peke yao

Katika matanga ya mtu aliyevuka, wasemaji huwa wa makundi mawili. Wazee na ndugu hueleza utoto wake: alizaliwa mwaka wa njaa gani, alisoma chuo cha mwalimu nani, aliangua nazi za nani bila ruhusa. Wake, waume na watoto hueleza utu uzima wake: kazi, nyumba, maradhi, wasia. Baina ya nyakati hizo mbili pana pengo la miaka minne, sita, au zaidi ukihesabu Jeshi la Kujenga Taifa na chuo cha ualimu. Miaka hiyo ndiyo iliyomgeuza mtoto wa Baleni kuwa mtu mwingine, na nyumbani hakuna aliyeiona. Mashahidi wake ni wale waliokuwa naye. Mmoja akifa, ushahidi unapungua. Akifa wa mwisho, ujana wa wote unakuwa haukutokea.

Hiyo ndiyo sababu habari ya msiba huwafanya wenzi wa shule wazungumze sana, pengine kupita kiasi mbele ya wafiwa. Wanahesabu. Wanataja waliokuwa katika jahazi moja Januari ile, na nani alitapika, na nani alisoma Yasini kwa sauti upepo ulipozidi. Wanataja mwalimu aliyewafundisha kutunga shairi kwa kupiga mizani juu ya dawati, na mwingine aliyewachapa kwa kusema kwa lafudhi ya kisiwani. Mwenzao mmoja anasema mlango wa bweni ulitazama mashariki, mwingine anasema kusini, na anayeweza kuwaamua ndiye aliyezikwa jana.

Ndani ya mazungumzo hayo mna mambo yenye faida kwa kisiwa kizima. Wao wanaikumbuka Mafia ya kabla ya mwaka 1995, Hifadhi ya Bahari, ya kwanza nchini, ilipotangazwa. Wanajua mitego ya samaki ilikuwa wapi, miamba iliitwaje, nani alikuwa na desturi ya kuvua wapi na kwa kuelewana na nani. Wanamkumbuka papa potwe akipita mbele ya Kilindoni msimu wa kaskazi, kabla watu hawajasafiri kutoka Ulaya kuja kuogelea naye. Wanakumbuka bei ya mbata ilipokuwa na maana, na namna familia zilivyohesabu minazi kama wengine wanavyohesabu ng'ombe, ikagawiwa kwa mirathi mti kwa mti. Wanakumbuka popo wa Chole wakitoka magharibi ikiingia.

Mna pia faida ya kawaida kabisa, ya karatasi. Watu wengi wa rika lao walizaliwa nyumbani, bila cheti. Mwaka wao wa kuzaliwa uliandikwa kwa mara ya kwanza na mwalimu mkuu katika daftari la uandikishaji, kwa kukadiria kimo na kuuliza mzazi. Daftari hilo, na cheti cha darasa la saba kilichotokana nalo, ndivyo vilivyotumika baadaye kutafutia cheti cha kuzaliwa, pasipoti, pensheni. Madaftari huliwa na mchwa na kuloweshwa na paa linalovuja. Yanapopotea, mtu anayeweza kusema fulani na fulani tuliandikishwa siku moja ni yule aliyeandikishwa naye.

Kwa mujibu wa sensa, Mafia ilikuwa na watu 46,438 mwaka 2012, na 66,180 mwaka 2022. Katika miaka kumi wameongezeka karibu 20,000, na walio wengi ni watoto na vijana ambao hawajapata kungojea upepo ili waende shule. Kwao habari za jahazi la Januari ni za mbali kama habari za Kua. Hawana kosa. Hawajaandikiwa.

Taazia iliyo kamili

Ushairi wa Kiswahili unayo tayari dawa ya jambo hili, nayo ni taazia. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923 na kufungua kurasa zake kwa watunzi, washairi wa Tanganyika waliomboleza wafu wao mbele ya wasomaji. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe alimwombolezea kwa shairi lenye jina lake, Amina, na kwa sababu hiyo mwanamke aliyefariki zamani anatajwa mpaka leo na watu ambao hawakuzaliwa katika zama zake. Hakumwita mama fulani.

Taazia njema ya pwani haikuishia katika kulia. Ilitaja. Ilisema marehemu alikuwa mwana wa nani, alikaa mtaa gani, alikuwa na fani gani, aliagana na nani. Mshairi alilazimika kuuliza ili apate cha kutia katika beti zake, na kule kuuliza kulikuwa kazi ya mwanahistoria. Mizani na vina vilifanya kazi ya kasha: jina lililotiwa ndani ya mshororo halidondoki kwa urahisi, kwa kuwa likidondoka mshororo unapwaya na msomaji anagundua.

Kizazi kilichovuka kutoka Mafia kina walimu wengi, makarani, manesi, mahakimu na mabaharia, watu walioishi kwa kalamu au walioizoea. Wengi walifundishwa kutunga. Wanachokosa si uwezo. Desturi iliyopo ni ya kuacha kumbukumbu iishie katika mkeka wa matanga, kana kwamba kuandika ni kazi ya mgeni atakayekuja na kinasa sauti. Kadhi Amur Omar Saadi hakungoja. Alikusanya mwenyewe, katika zama ambazo karatasi ilikuwa ghali. Mkulima wa kaskazini aliyejaza madaftari yake usiku hakungoja. Ubeti wa namna hii unatosha kuwa mwongozo, na hautaki fundi:

Taja alipozaliwa, taja na shule ya kwanza,
Mwalimu aliyepewa, na beti alizotunza,
Na wenzake walokuwa, darasani wakianza,
Jambo likihifadhiwa, wajao watajifunza.

Mtu asiyependa kutunga anaweza kuandika nathari, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, siku ya arobaini, wakati machozi yamepungua na wenzi bado wamekusanyika. Aandike jina kamili na jina la utani la bwenini. Akiwa marehemu ni mwanamke, aandike jina alilosomea. Aandike kijiji, chuo cha Kurani, shule ya msingi, mwaka aliovuka, chombo alichovukia, shule aliyofikia, na walio hai wanaoweza kuthibitisha. Nakala moja ibaki kwa watoto wa marehemu, nyingine ipelekwe katika shule ya kijiji chake, iwekwe pamoja na daftari la uandikishaji kama lingalipo.

Watoto wa Kua waliolazwa mchangani walikuwa na majina, na kwa hakika walikuwapo watoto wenzao waliobaki, waliowajua majina hayo na waliocheza nao asubuhi ile. Waliobaki walikua, wakazeeka, wakafa. Kisa kimetufikia kwa sababu kilikuwa cha kutisha. Majina hayakutufikia kwa sababu waliokuwa nayo walidhani kila mtu anayajua.